Kuku Wamekula Nini? Kufuatilia sumu ya mimea kwenye banda la nyumbani

Ukifungua banda asubuhi ukamkuta kuku amelala ubavu, miguu imekakamaa, neno la kwanza linalokujia ni sumu. La pili ni jina la mtu. Mimi nimeyapitia yote mawili. Hapa kwangu Morogoro nilipoteza mitetea wanne kati ya kumi na mmoja kwa usiku mmoja, na kabla jua halijapanda nilikuwa nimeshamhukumu jirani moyoni mwangu.

Shangazi yangu, ambaye alikuwa amelala kwetu siku hiyo, hakubishana nami. Aliomba kisu na mfuko wa unga uliokwisha. Akauvaa mfuko mkononi kama glavu, akamlaza mtetea mmoja chali juu ya gazeti, akapasua gole, ule mfuko wa chakula ulio chini ya shingo. Ndani mlikuwa na punje chache za mahindi, na vipande vya majani membamba ya kijani kilichokolea, kila kipande kina mshipa mmoja mweupe katikati.

"Mwanangu, haya majani umeyatoa wapi?"

Niliyatoa kwenye uzio wangu mwenyewe. Jioni iliyotangulia nilikuwa nimepogolea ile miti ya maua ya njano yenye umbo la tarumbeta, ile inayotoa maziwa meupe ukiivunja, na nikarusha matawi ndani ya banda nikiamini nawapa kuku mboga. Jirani yangu hakuwa na habari.

Tangu siku ile nimejifunza kitu ambacho naona wafugaji wengi wa nyumbani hatukifahamu vya kutosha: kuku anayezurura huchagua. Hudonoa jani chungu mara moja, akaliacha, akaenda zake kutafuta mchwa. Mimea mingi ya sumu iko uani kwetu miaka yote na haiui mtu wala kuku. Hatari huanza tunapomfungia kuku asiye na kitu kingine cha kijani, halafu sisi wenyewe tukamtupia palizi, matawi au maganda. Kwa hiyo ukitafuta chanzo, anza na mikono ya watu wa nyumbani: nani alipogolea, nani alipalilia, nani alimwaga nini.

Kwanza ondoa mdondo kwenye orodha

Sumu ya mmea ni jambo la nadra ukilinganisha na mdondo, au kideri kama wengine wanavyouita. Mdondo unaweza kumaliza karibu banda zima la kuku wasiochanjwa, na dalili zake zinafanana sana na za sumu: kuku hujikunyata, huhema kwa shida, huharisha kijani, shingo hupinda. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa yeyote anayenipigia simu akisema kuku wamelishwa sumu ni hili: mara ya mwisho ulichanja lini? Chanjo ya I-2, ile inayovumilia joto, hutolewa kwa tone moja jichoni na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kama jibu ni "sikumbuki", mshukiwa wako mkuu ni mdondo mpaka ithibitike vinginevyo.

Namna vifo vinavyokwenda pia hukueleza jambo. Ugonjwa wa kuambukiza huanza na mmoja au wawili, kesho watatu, keshokutwa nusu ya banda, kisha unasikia kwa jirani nako wameanza. Sumu haiambukizi. Huwapata kwa pamoja wale waliokula, huwaacha wale ambao hawakula, na ukiondoa chanzo vifo vipya hukoma. Banda langu lilikuwa hivyo: wanne wamekufa, wawili wamezubaa, watano wanachakura kama kawaida, na hakuna aliyeongezeka baada ya matawi kutolewa.

Kama una ujasiri wa kupasua, tazama kile kifuko kidogo kilicho mbele ya firigisi. Ukikuta madoa madoa ya damu kwenye ngozi yake ya ndani, mpigie mtaalamu wa mifugo ukimwambia mdondo, wala usipoteze muda kwenye bustani.

Wamekufa ghafla, jana walikuwa wazima

Hapa saa ndiyo ushahidi. Jiulize walikula nini, na ni muda gani ulipita hadi wa kwanza kuanguka.

Kama ni dakika chache hadi saa moja, fikiria muhogo. Majani mabichi ya muhogo, na maganda ya muhogo mchungu, hutoa sianidi pale yanapokatwakatwa au kutafunwa. Kuku hufungua mdomo kutafuta hewa ilhali hewa ipo, hutapatapa, hupiga mabawa, hufa. Cha ajabu ni kwamba upanga wa kichwani na damu yake huwa nyekundu kuliko kawaida, kwa sababu hewa imo ndani ya damu lakini mwili umeshindwa kuitumia. Ukiona wekundu huo ukalinganisha na kuku aliyekufa kwa kukosa hewa, ambaye upanga wake huwa wa zambarau, hutasahau tofauti. Haina maana kwamba majani ya muhogo hayafai kabisa. Wafugaji wengi huyalisha, ila huyakata, huyaanika juani siku mbili tatu mpaka yakauke na kukatika ukiyafikicha, ndipo huyachanganya kidogo kwenye chakula. Kukausha huondoa sehemu kubwa ya sumu hiyo. Anayeyatupia mabichi bandani, hasa ya ule muhogo ambao hata mtu hautafuni, anacheza na banda lake.

Kama ni saa kadhaa, au usiku mmoja, fikiria mimea inayoshika moyo. Oleanda yenye maua ya waridi au meupe, na ule mti wa maua ya njano ulioua kuku wangu, ni ndugu. Yote ina sumu inayovuruga mapigo ya moyo, na imo kwenye majani, maua, mbegu na hata maziwa yake. Kuku aliyebaki hai huwa amezubaa, ukimwekea kidole chini ya bawa unasikia moyo unapiga kwa kusitasita, mara haraka mara kimya. Majani yake yakikauka sumu haiondoki, na nadhani hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwa kudhani jani kavu limeshaisha nguvu kama la muhogo. Haliishi. Ukitandika sakafu ya banda kwa majani makavu ya oleanda, umetandika sumu.

Parachichi liko karibu na kundi hili. Majani, magome, ganda na kokwa la parachichi vina sumu iitwayo pesini, inayoumiza misuli ya moyo wa ndege. Kasuku na ndege wadogo wa kizimbani ndio wepesi zaidi kudhurika. Kuku huvumilia kuliko hao, lakini uvumilivu wake una kikomo. Dalili inayotofautisha ni uvimbe wa maji chini ya ngozi, shingoni na kifuani, ukibonyeza unahisi kama jeli, pamoja na kuhema kwa nguvu. Wenye banda chini ya mparachichi, na huko Rungwe, Njombe na Hai wako wengi, wasiogope jani moja linaloanguka. Waogope lile rundo la matawi baada ya kupogolea, na ndoo ya maganda na makokwa inayomwagwa bandani baada ya kutengeneza juisi.

Kuna sababu moja isiyo mmea ambayo lazima uiulize hapahapa: nani amepulizia dawa ya wadudu? Kuku aliyekula mchicha uliopuliziwa jana, au wadudu waliokufa kwa dawa, hutokwa na ute mdomoni, huharisha maji, hutetemeka, kisha hushikwa na degedege. Ute na kutetemeka kwa pamoja ni alama kubwa. Mtaalamu wa mifugo ana sindano ya kutibu hali hii akiwahiwa, kwa hiyo usikae kusubiri uone.

Miguu imeshindwa, shingo haisimami

Dalili hii huwachanganya watu kuliko zote, maana sababu zake ni nyingi na mimea ni michache. Shingo iliyopinda na kuzunguka kama kuku anatazama angani ni ya mdondo zaidi. Shingo iliyolegea kabisa, kichwa kimelala chini, kope zimefumba, manyoya ya shingo yanang'oka ukiyavuta kidogo, mara nyingi ni sumu ya mzoga: kuku amekula funza kwenye panya au kuku mwenzake aliyeoza kichakani. Zunguka uani utafute harufu. Na mtetea mchanga aliyelala mguu mmoja mbele na mwingine nyuma ana ugonjwa wa Marek, bustani yako haihusiki.

Mmea ninaoushuku kwenye dalili hii ni mwingajini, ule wenye maua ya njano na vitumba virefu vya mbegu vilivyopinda kama mundu, unaoota kando ya vichochoro na kwenye viwanja visivyojengwa. Mbegu zake huharibu misuli. Kuku hawazifuati zenyewe, huwafikia zikiwa zimechanganyika na nafaka iliyovunwa shamba lenye magugu. Kuku huanza kuyumba, kisha hukaa chini kwa magoti, anataka kula lakini hawezi kufika kwenye chakula. Chota nafaka uliyonunua, imwage juu ya sinia, iangalie punje kwa punje. Ukiona mbegu bapa za rangi ya udongo ambazo si mtama wala uwele, peta upya gunia lote.

Ukiwa juu ya sinia hilohilo, tafuta pia mbegu ndogo nyeusi zenye umbo la figo. Hizo ni za mnanaha. Kuku huvumilia mnanaha kuliko sisi, na kwa kawaida utaona tu wamepunguza kula. Lakini kama gunia hilo ndilo linalosagwa ugali wa nyumbani, acha kushughulika na kuku kwanza. Mwaka 2019, huko Karamoja nchini Uganda, mamia ya watu waliugua na wengine walikufa kwa unga uliokutwa na sumu ya mmea huu.

Na mahindi ya mbegu, yale yaliyopakwa rangi nyekundu, ya waridi au ya kijani! Yakibaki baada ya kupanda, mtu humwagia kuku akidhani anaokoa mali. Ile rangi ni onyo kwamba yamepakwa dawa. Baadhi ya dawa hizo huharibu mifupa ya miguu ya kuku wanaokua na kufanya wanaotaga watoe mayai yenye ganda laini. Kuyaosha hakusaidii kiasi cha kuyafanya chakula.

Wamejikunyata, kinyesi ni kijani au kina damu, na wanazidi kukonda

Ikiwa dalili zilianza siku moja au mbili baada ya kula, na si mara moja, tafuta nyonyo. Mnyonyo, au mbarika, unaota wenyewe majalalani na kando ya mitaro, majani makubwa kama kiganja kilichofunguliwa, vitumba vyenye miiba laini, ndani mbegu zenye madoa zinazong'aa kama kupe aliyeshiba. Sumu yake, raisini, haiko haraka. Mbegu ikimezwa nzima ganda lake gumu linaweza kuizuia, ila kuku ana firigisi, na firigisi yenye kokoto ni kinu. Ikishasagwa, kuku huzubaa, manyoya husimama, upanga huwa mweusi, huharisha kijani na wakati mwingine damu, na hukonda hata kama anaendelea kudonoa. Ukipasua gole au firigisi ukakuta vipande vya ganda lenye madoa, umepata jibu. Angalia pia mbolea: mashudu ya nyonyo hutumiwa bustanini, na kuku huchakura palepale yalipomwagwa.

Mbono kaburi, ule unaopandwa kama uzio na juu ya makaburi karibu kila mkoa, una mbegu nyeusi kubwa zenye sumu za aina yake, na vifaranga ndio huumia zaidi. Mturituri nao, ule mtambaazi wenye mbegu nyekundu zenye doa jeusi ambazo watoto hutungia shanga, ni hatari mbegu ikivunjika. Shanga ikikatika uani, okota zote.

Kabla hujang'oa mnyonyo, lakini, kumbuka kuhara damu kwa vifaranga wa wiki tatu hadi nane waliofugwa sakafuni penye unyevu karibu kila mara ni koksidiosi. Dawa yake ipo kwenye maduka ya pembejeo, na inafanya kazi ukiwahi. Nimeona mtu anafyeka uzio wote siku nzima huku vifaranga wakiendelea kufa kwa ugonjwa unaotibika.

Maharage nayo ni ya kundi hili na watu hawaamini. Maharage makavu mabichi, hasa yale yaliyobunguliwa ambayo mtu huona ni hasara kuyatupa, yana sumu inayochubua utumbo wa kuku. Yakichemshwa sawasawa mpaka yakaiva sumu huisha. Yakilowekwa tu au yakipashwa nusunusu, haiishi. Na maharage yaliyobunguliwa mara nyingi yalishapakwa dawa ya kuhifadhia, kwa hiyo hasara yake ni mara mbili.

Shubiri nisiisahau. Wafugaji wengi hukatia vipande vya shubiri kwenye maji ya kuku, wakitumaini kuzuia mdondo. Shubiri huharisha, watu na kuku pia. Ukiona kinyesi cha maji na kuku wenyewe wachangamfu, ondoa shubiri siku mbili uone kama hali itatulia. Na kwa mdondo, chanja.

Anatikisa kichwa, anajikuna mdomo, macho yamefumba

Kuku anayepangusa mdomo ardhini tena na tena, anatikisa kichwa na kutokwa na ute, anaweza kuwa amedonoa mmea wenye vijisindano: majimbi mabichi, au yale maua ya majani makubwa yenye mabaka meupe yanayopandwa kwenye vyungu sebuleni na kibarazani. Vijisindano hivyo huchoma mdomo na koo. Huwa haiui, kuku huacha mwenyewe baada ya kuonja. Mpe maji safi, mwondolee mmea.

Macho ni jambo zito zaidi. Utomvu wa mnyaa, uzio unaopendwa Dodoma, Singida na Usukumani, ukiingia jichoni huunguza. Ukipogolea mnyaa na kuku wakapita chini ya matawi yanayodondosha maziwa, kesho yake utakuta mmoja jicho limevimba na kufunga. Osha jicho kwa maji mengi safi yaliyochemshwa na kupozwa, tena na tena, na wewe mwenyewe usiguse macho yako kabla ya kunawa kwa sabuni. Kama macho yamevimba pande zote mbili, kuna makamasi yanayonuka na kuku kadhaa wanayo, hiyo ni mafua ya kuku. Kama kuna vigaga juu ya kope na upanga, ni ndui.

Tumbo limejaa maji, na vifo vinakuja kimoja kimoja kwa wiki

Kuku anatembea kama bata, tumbo limening'inia, ukilipapasa linacheza kama kiriba. Ukimpasua ini limekuwa gumu na dogo, au limevimba na kuwa njano, na maji ya rangi ya chai laini yanamwagika. Huu ni uharibifu wa ini wa muda mrefu. Kwenye bustani anayeshukiwa ni jamii ya marejea, yale yenye vitumba vinavyochezacheza kama kayamba vikikauka. Baadhi ya aina zake za mwituni zina mbegu zinazokausha ini la kuku polepole. Lakini uzoefu wangu unaniambia utazame kwanza gunia la mahindi. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, hufanya kazi hiyohiyo ya kuharibu ini. Kipimo cha nyumbani ni hiki: ukifuga bata pamoja na kuku kwa chakula kimoja, na vifaranga wa bata wakaanza kufa kwanza, shuku ukungu. Bata ni mwepesi sana wa sumukuvu kuliko kuku. Chumvi nyingi nayo, kutoka dagaa wenye chumvi au mabaki ya mgahawani, huwajaza vifaranga maji tumboni, ila hao utawaona hawabanduki kwenye chombo cha maji.

Mahindi yenye ukungu, usimpe kuku kwa kisingizio kwamba mtu hawezi kuyala.

Wanataga kidogo, au yai limebadilika

Hapa mimea huongea waziwazi. Kiini kilichogeuka rangi ya zeituni au kahawia baada ya yai kukaa siku kadhaa ni kazi ya mashudu ya pamba, jambo la kawaida Shinyanga na Simiyu ambako mashudu yanapatikana kirahisi. Ute uliogeuka waridi hutokana na mafuta yaliyomo kwenye mbegu hizohizo za pamba, na kwenye mbegu za msufi pia. Punguza mashudu au uyaache kwa kuku wa kutaga.

Lusina ni mfano wa mmea mzuri unaotumiwa vibaya. Majani yake makavu hufanya kiini kiwe cha njano iliyokolea, ambayo wateja huipenda. Yakizidi kama kilo 5 kwenye kila kilo 100 za chakula, sumu yake hupunguza kutaga na kuwadumaza wanaokua. Watu huona rangi nzuri wakaongeza, na wiki chache baadaye wanauliza kwa nini mayai yamepungua.

Viazi mviringo vilivyogeuka kijani, machipukizi yake, na majani ya nyanya na ndulele, vyote vina sumu ya jamii moja. Kiasi kidogo hupunguza hamu ya kula na kutaga. Kikubwa huharisha na kulegeza. Maganda ya viazi vya kawaida yaliyopikwa hayana neno. Ya kijani yaende shimoni.

Saa ya kwanza

Watoe kuku wote bandani kabla hujafanya kingine chochote, hata kama mvua inanyesha, hata kama kwa kuwafunga kamba mguuni chini ya mwembe. Wape maji safi na chakula ambacho una uhakika nacho, ili gole lijae kitu kingine. Wagonjwa waweke kivulini, kwenye boksi, mbali na wenzao ambao wanaweza kuwadonoa.

Usimning'inize kuku kichwa chini ukimkamua gole atapike. Nimeona ikifanywa na watu wanaowapenda kuku wao, na kilichofuata ni chakula kuingia kwenye njia ya hewa, kuku akafia mikononi. Usimmiminie mafuta ya kula wala maziwa mdomoni. Mafuta huishia mapafuni, na kama sumu ni dawa ya wadudu yanaweza kuisaidia kupenya mwilini haraka zaidi. Mkaa wa dawa unaouzwa famasi hunasa sumu nyingi ukitolewa mapema, ila kipimo mwulize mtaalamu wa mifugo kulingana na uzito wa kuku. Mkaa wa jikoni uliosagwa ni dhaifu mno kulinganisha na huo.

Mtaalamu atakapopokea simu, mpe haya bila kuzungusha: idadi ya kuku wote na waliokufa, umri, saa waliyokula mara ya mwisho na walichokula, saa ya kifo cha kwanza, chanjo ya mwisho. Mwambie na lile unaloona aibu kulisema. Mimi nilitaka kuficha yale matawi, na kama shangazi asingekuwa amesimama nyuma yangu ningeyaficha.

Mzoga utakaopelekwa maabara uwe wa kuku aliyekufa karibuni, umefungwa vizuri na kuwekwa kwenye barafu, usigandishwe. Wakala wa Maabara ya Veterinari, wenye makao makuu Temeke, una vituo kwenye kanda mbalimbali, na hapa Morogoro tuna chuo kikuu cha Sokoine chenye madaktari wa mifugo. Weka kando, kwenye chombo cha peke yake, kilichokutwa ndani ya gole, pamoja na tawi la mmea unaoshukiwa lenye majani, ua na tunda kama lipo. Jina la mmea hubadilika kila wilaya. Tawi halibadiliki.

Nyama ya kuku aliyekufa au aliyechinjwa akiwa hoi isiliwe, na mbwa asipewe. Mayai ya waliosalimika, mwulize mtaalamu ni siku ngapi ya kutupa, maana hutegemea sumu. Mizoga ifukiwe shimo la kutosha mbwa asifukue, juu yake chokaa au majivu.

Yale matawi yangu nilitaka kuyachoma pale pale nyuma ya banda. Shangazi alinizuia: moshi wa miti ya jamii ile nao una sumu, kwa watu na kwa kuku. Tuliyakusanya jani kwa jani kwa mikono iliyovaa mifuko, tukafagia sakafu mara mbili, tukayafukia upande wa pili wa nyumba, na wale mitetea saba hatukuwarudisha bandani mpaka jioni ya siku ya tatu.